Wino Ndani ya Kopo la Kichina

Baba alikuwa na kopo moja la kauri ya Kichina, jeupe, lenye michoro ya buluu: milima, mto, na mtu mmoja amekaa juu ya jiwe na kitabu mapajani. Alilirithi kwa baba yake, aliyekuwa karani wa kadhi Unguja, na wote wawili walilitumia kwa kazi moja tu, kuwekea kalamu za matete. Tulipoondoka baada ya mapinduzi, Baba alilijaza majani ya chai akalifunga kwa kitambaa. Askari wa bandarini alinusa, akamrudishia.

Landani tulipata vyumba viwili mtaa wa Tooting, juu ya duka la mboga. Baba, ambaye kwetu watu walimjia awaandikie barua na mirathi, alipata kazi ya kupanga mafaili kwenye stoo ya ofisi moja. Jioni alikaa kwenye meza ya kukunja, karibu na dirisha, akaandika kwa herufi za Kiarabu mambo ambayo hakuna aliyemwomba ayaandike. Mama akitaka kukunja meza, alilisogeza kopo. Baba akija, alilirudisha.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nafanya kazi hospitali, chumba cha rekodi. Jumamosi moja mvua ilinikimbiza ndani ya jumba la makumbusho, na mle, kwenye kabati la kioo, nikaliona kopo letu. Si lenyewe, ila lingine la namna ile ile. Maelezo yalisema ni kopo la brashi za kuandikia, la kuwekwa kwenye meza ya mwanachuoni. Nilirudi mbio kumwambia Baba.

"Sasa jipya lipi?" akasema. "Siku zote si nakwambia ni kopo la kalamu?"

Hata hivyo niliwaandikia barua watu wa makumbusho, nikapewa siku, nikaomba ruhusa kazini. Mtaalamu wao, bibi mmoja wa Kizungu, aliligeuzageuza kopo taratibu, akasema ni la kweli na la zamani sana. Lakini kilichomfanya avute taa karibu kilikuwa ndani. Chini kabisa kulikuwa na wino mkavu, mweusi, tabaka juu ya tabaka.

"Hili limetumika kweli kwa kuandika," alisema. "Yetu hayana kitu kama hiki. Mlete baba yako wiki ijayo, mkuu wangu amsikilize. Na tafadhali, msilioshe."

Nilipomweleza Baba, nilimwona, kwa mara ya kwanza tangu tufike nchi ile, akinyoosha mgongo. Siku tano aliandika: nani alikuwa nalo, kalamu zake ziliandika nini, kwa ajili ya nani. Zikatoka kurasa tatu. Siku yenyewe alinyoa, akavaa koti lake la Idi na kofia. Mama alitukabidhi kopo limeshafungwa ndani ya kanga, nami nikalipakata njia nzima kwenye treni. Harufu niliyoisikia nilidhani ni ya treni.

Mkuu aliifungua kanga mwenyewe. Harufu ya dawa ya choo ikatoka kabla ya kopo. Ndani lilikuwa jeupe, linameremeta.

Yule bibi alinitazama kama mtu aliyedanganywa. Mkuu akasema, kwa adabu zake zote, kwamba ni kopo zuri, na kwamba yapo mengi ya namna hiyo. Baba akamnyooshea zile kurasa tatu. Mkuu akazipitishia macho, akauliza kama ipo tafsiri ya Kiingereza. Haikuwepo. Nilikuwa na siku tano za kukaa na Baba niifanye, na wala haikunijia. Kurasa zikarudi mfukoni mwa koti.

Nilipofika nyumbani nilianza kupiga kelele hata sijavua viatu.

"Mama, umefanya nini? Umeusugua wino wa Babu wote!"

"Nimesugua uchafu. Mnawapelekea Wazungu kitu kimeganda ukoko, waniseme vipi mimi mwenye nyumba?"

"Huo ukoko ndio waliokuwa wakiutaka!"

"Na nani aliniambia?" Mama aliweka mwiko chini. "Wewe na baba yako mmezungumza wiki nzima. Mimi nimeambiwa nini? Nimeambiwa nipige pasi koti."

Maneno yake yalikuwa kweli, na hilo likanizidishia hasira. Baba alivua koti, kurasa zikiwa bado mfukoni. Hakuandika siku ile, wala wiki ile, wala iliyofuata. Kopo lilibaki jikoni, ndani ya kanga yake. Nilimkasirikia Mama kwa sabuni zake, Baba kwa ukimya wake, na yule mkuu kwa adabu zake.

Kisha Jumamosi moja Baba alitoka peke yake, hakuaga. Alirudi alasiri, amelowa, akaja kukaa jikoni, mahali asipokaa kamwe.

"Bibie," akamwambia Mama, "nimekwenda kuyatazama makopo yao kule kwenye kioo. Nimeyachungulia moja moja. Yote meupe ndani, kama lako. Na wao wameyaosha."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Baba naye akacheka. Wakanigeukia, wakinisubiri nami nicheke, lakini hasira yangu ilikuwa bado. Nikabeba kapu la nguo chafu, nikashuka kwenda kwenye mashine za kufulia za mtaani. Zote zilikuwa na watu, nikakaa na kapu langu kungoja zamu.