Kunde Ishirini na Tatu za Katunge

Katunge alimuua rakuni kwa koleo la theluji, siku ya pili ya mwezi wa tano, alfajiri. Nililisikia koleo kabla sijamsikia yeye. Nyumba yangu na yake, hapa Agincourt, Toronto, zimetenganishwa na uzio wa mbao tu, na mtu wa umri wangu saa kumi na moja huwa macho. Nilipotoka na koti juu ya nguo za kulalia nilimkuta nyuma ya nyumba yake, kwenye theluji iliyochelewa kuondoka, amevaa soksi na ndala, anampiga mnyama aliyekwisha kufa.

"Mama Shaun, inatosha," nilimwambia.

"Haitoshi. Njoo uone alichofanya."

Rakuni ni mnyama wa huku, mnene kuliko paka, mwenye vidole kama vya mtoto mchanga na weusi machoni kama mwizi aliyejifunga kitambaa. Alikuwa ameingiza mkono kwenye wavu wa banda, akamshika kuku kichwa, akavuta. Kichwa kilitoka nje, mwili ukabaki ndani. Kuku watatu waliosalia walikuwa wamejibana pembeni, manyoya yao yamelowa damu ya mwenzao.

Kuku hao walikuwa kinyume cha sheria ya mji. Majirani walijua na walikula mayai yao, kwa hiyo walinyamaza.

Katunge alikuwa na miaka sitini na minane. Alizaliwa Kitui, upande wa Mutito, ambako mvua hukosa kuja mara mbili ndipo ije mara moja. Mama yake alikuwa na mbegu ya kunde, ndogo, nyekundu, yenye jicho jeusi, inayowahi kuiva kuliko zote nilizopata kuziona. Aliihifadhi kwenye kibuyu, imechanganywa na majivu, kibuyu kimening'inizwa juu ya moshi wa jiko. Mwaka mmoja wa njaa, Katunge akiwa na miaka tisa, aliiba konzi moja akazikaanga. Mama yake alimpiga kwa kuni iliyokuwa bado inawaka mwishoni. Unyusi wa kushoto ulipasuka, na kovu lake mpaka leo halioti nywele.

"Kufa na njaa," mama yake alimwambia, "lakini hizi usizile."

Kulikuwa na amri ya pili. Mbegu ile haikutoka nje ya nyumba. Alipewa binti, au mke wa mwana. Jirani hakupewa hata apige magoti. Hivyo ndivyo watu walivyoishi, na kila mwanamke alijulikana kwa mbegu yake kama anavyojulikana kwa sauti yake. Siku hizi mbegu inauzwa kwa paketi yenye picha, na anayeipanda hajui hata ilitoka shamba gani.

Alikuja Toronto mwaka 1994, kunde zikiwa zimeshonewa kwenye pindo la koti. Miaka ishirini na sita aliosha na kulisha wazee wa watu katika nyumba ya kutunzia wazee. Mzee mmoja alimpiga kwa mkongojo akamvunja vidole viwili. Katunge alimaliza kumfunga nepi kwa mkono mmoja, akamfunika blanketi, ndipo akaenda hospitali. Mumewe alirudi Kenya na hakupiga simu tena. Akabaki na mtoto mmoja, Shaun, ambaye sasa ana miaka thelathini na minne, anafanya kazi ya kompyuta mezani kwao, hajaoa, na anasikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, nami hapa nayatafsiri maneno yake. Binti hakuna, mke wa mwana hakuna. Hiyo ndiyo hali ya nyumba ile.

Kila mwezi wa tatu, nje barafu bado ngumu kama sakafu, Katunge alifungua msimu wake katika chumba cha chini ya nyumba. Alipanga vikombe vya mtindi vilivyotobolewa kitako, akavijaza udongo, akawasha taa juu yake. Sukuma wiki kwanza, halafu managu, yaani mnavu, halafu nyanya. Kunde zilikuwa za mwisho, kwa kuwa haziwezi baridi. Alizilowesha usiku mmoja katika maji ya vuguvugu, akazifunga kwenye kitambaa kibichi, akaziweka kwenye sahani karibu na tanuri linalopasha nyumba joto, zipate kuamka.

Mwaka uliotangulia baridi iliwahi kuja na mvua juu yake, maganda yakaoza kwenye matawi. Aliokoa kunde ishirini na tatu. Akampigia kaka yake Kitui amtumie nyingine. Kaka yake alicheka mpaka akakohoa. "Hizo za mama? Hizo zilikwisha zamani, dada. Sisi tunanunua." Basi duniani zilikuwa zimebaki ishirini na tatu, na jioni ya kuamkia siku ile ya rakuni alikuwa amezilowesha zote.

Banda likiwa limeraruliwa, aliwashusha kuku watatu chumba cha chini na kuwafunika kama mama yake alivyofunika wake. Kule kwao kuku walilala ndani ya nyumba, chini ya tenga lililogeuzwa, juu yake jiwe la kusagia. Katunge hakuwa na tenga wala jiwe. Alichukua kikapu cha plastiki cha nguo chafu, akakigeuza, akaweka juu yake mfuko wa mchele wa kilo nane. Kisha nikamwendesha dukani kununua wavu mgumu zaidi. Jiwe la kusagia hakuna mtu analiondoa juu ya kuku akalipike. Hilo hakuliwaza, wala mimi sikuliwaza.

Tulirudi saa tano. Jikoni Shaun alikuwa amepakua wali, na mfuko wa mchele ulikuwa mezani, mdomo wazi.

Katunge aliuachia wavu ukaanguka. Aliteremka ngazi, nami nikamfuata. Kikapu kilikuwa kimelala ubavu. Vikombe vimepinduliwa, sukuma wiki imebaki vijiti. Kuku watatu walikuwa juu ya meza, chini ya taa, wamependeza kama wageni wa arusi. Kitambaa kilikuwa sakafuni, kimefunguka. Sahani ilikuwa tupu.

Alipanda ngazi tena, akamzaba mwanawe kofi lililoangusha miwani yake.

"Mum!" Shaun alipiga kelele. "Nimefanya nini?"

Akamzaba la pili. Shaun ni mrefu, anagusa fremu ya mlango. Alimkamata mama yake mikono akamsukuma, na Katunge akagonga mgongo kwenye friji, chupa zikalia ndani.

"Shaun! Huyo ni mama yako," nilisema, nikaingia katikati.

"Wewe nyamaza, Mzee, hapa si kwako! Nimechukua mchele tu! Ni maharage, Mum, ni maharage! Nitakununulia gunia zima!"

"Gunia la nani?" Katunge aliuliza. Alikuwa anahema, nywele zimemtoka kwenye kitambaa. "Nani alizipanda? Jina lake nani?"

Shaun aliinama kuokota miwani yake. Katunge alikuwa ameanza kuitazama saa ya ukutani.

"Mchele umeuchukua saa ngapi?"

"Sijui. Saa nne na nusu?"

"Bado ziko shingoni," alisema, akavuta droo ya visu.

Kuku hana meno. Chakula hukaa kwanza katika mfuko chini ya koo, kizima, kabla hakijashuka kusagwa kwenye firigisi. Kila mtu aliyekua na kuku anaujua mfuko ule, ameushika mara elfu kujua kama kuku ameshiba. Shaun alikula kuku maisha yake yote na hakupata kuujua.

Wakati huo mlango wa nyuma ulifunguliwa, akaingia Socorro, jirani wa upande wa pili, Mgoa wa Pangani, Nairobi, mjane, mwenye Kiswahili cha mjini kilichonyooka. Miaka mitatu mfululizo alikuwa ameomba mbegu ya zile kunde, na miaka mitatu Katunge alimpa mayai badala yake.

"Jamani, kuna nini? Nilidhani mnauana."

"Bado," Katunge alisema. "Shika bakuli."

Aliwachinjia kwenye sinki la kufulia kule chini. Mimi mikono yangu inatetemeka siku hizi, kwa hiyo alimwita Shaun.

"Shika miguu na mabawa. Wewe ndiye uliyewafungulia."

"Siwezi, Mum."

"Shika!"

Akashika. Kuku wa kwanza alikatwa shingo, akapiga mabawa mpaka damu ikapanda ukutani na kwenye shati la Shaun. Katunge hakumngoja atulie. Alipasua ngozi ya shingo, akatoa ule mfuko bado una joto, akaukamua juu ya bakuli la Socorro. Yakatoka mahindi, majani ya sukuma, na kunde. Alizihesabu kwa ncha ya kisu. Kumi na nne.

Wa pili alijua kinachomjia, akamparura Shaun kifuani. Tano.

Wa tatu alikuwa mweusi, aliyetaga hata mwezi wa kwanza, wengine wote wakiwa wamegoma. Katunge alipenda kumweka kwapani akizungumza kwenye simu.

"Huyo mwache," Socorro alisema. "Labda hakula."

"Hiyo labda siwezi kuipanda."

Akamkata. Mfuko wake ulikuwa na majani, changarawe, na kifungo cheupe. Kunde haikuwemo hata moja. Socorro alikitoa kifungo kwa kidole, akakipangusa, akakitazama, kisha akalitazama shati la Shaun, lililokosa kifungo kama hicho.

"Hiki chako, baba," alisema.

Shaun alianza kucheka, na kabla hajamaliza kucheka akatapika kwenye ndoo.

Katunge alipasua firigisi zote tatu. Alipata kunde mbili zimesagika. Nyingine mbili hazijaonekana mpaka leo. Alizisuuza zile kumi na tisa, akazipanda saa ile ile, damu imekauka kwenye kucha zake, kikombe kimoja mbegu moja. Jioni alipika kuku. Kwao firigisi ilikuwa ya baba mwenye nyumba. Zilizokuwemo chunguni zilikuwa zimechanwachanwa, na Shaun, mwanamume pekee wa nyumba ile, alikula wali mtupu. Sijui nani siku hizi angemwambia maana yake.

Siku sita Katunge alishinda chini kwenye kiti cha plastiki. Hakuzungumza na mwanawe. Shaun alisugua ukuta mwenyewe, na alama haikutoka yote. Siku ya saba udongo ulipasuka kwenye vikombe kumi na kimoja. Viwili vililegea shina na kufa. Zikabaki tisa.

Theluthi ya mwisho ya mwezi, baridi ilipokata kabisa, Katunge alipiga uzio wangu kwa koleo lile lile.

"Mzee, njoo unibebee."

Alikuwa amepanga vikombe vinne kwenye trei. Nilidhani tunakwenda kwenye banda tupu, ambako udongo ulikuwa mweusi kwa mbolea, na ambako alikwisha kupanda vitano. Lakini alitembea kuelekea lango la Socorro.

Nilisimama. "Mama yako angesema nini?"

"Angenipasua na unyusi wa pili." Hakugeuka. "Alizificha kule, zikaisha kule. Beba hivyo vikombe, Mzee, unavimwaga."

Nilivibeba. Sikupenda, na sipendi mpaka sasa, kwa maana amri ile ilikuwa ya mwisho kati ya zote nilizozijua, na niliivusha lango kwa mikono yangu. Socorro alitoka na aproni. Alipoona kilichokuwemo kwenye trei aliweka mkono mdomoni.

"Zinataka jua," Katunge alimwambia. "Maji kidogo. Na usimpe mtu."

Socorro aliitikia kwa kichwa. Katunge alikwisha kushika lango aondoke, akasimama.

"Mpe mtu mmoja," alisema.