Nyumba ya Unguja, Kodi ya Kibokoni

Mwaka 1962, Bi Swabaha alipostaafu ukunga katika hospitali moja ya Unguja, majirani zake walidhani atakaa barazani kwake, mtaa wa Malindi wa huko huko Unguja, apumzike, awatazame watoto aliowapokea yeye mwenyewe wakipita kwenda chuoni. Yeye akafunga masanduku mawili na godoro, akapanda meli kuja Mombasa.

Hakutoa sababu nyingi. Mwaka uliotangulia, siku za ghasia za uchaguzi, majeruhi walikosa nafasi kwingine wakalazwa hata kwenye wodi ya wazazi, na tangu hapo usingizi wake ukawa wa vipande vipande. Alitaka kuzeekea mahali ambapo akipita sokoni hatamkumbuka mtu kwa jeraha lake. Mume alikuwa amekwisha kufa, mtoto hakujaaliwa. Na mamake alikuwa mtu wa Mombasa, wa Kibokoni, kwa hiyo alipoulizwa melini anakwenda kwa nani alijibu anakwenda kwao, ingawa maishani mwake alikuwa amefika huko mara mbili tu, zote kwa mazishi.

Mwenyeji wake alikuwa Khairiya, binti wa mamake mdogo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kufika mbali, aliyekuwa akishona mapazia na kujua habari za kila nyumba. Khairiya alikuwa amemtafutia vyumba viwili ghorofani, mkabala na kwake, katika nyumba ya mawe ya bwana mmoja aitwaye Taib. Chini Taib alikuwa na duka la misumari na kufuli. Yeye mwenyewe na watu wake walikaa mtaa wa Kuze.

Asubuhi ya kwanza Khairiya alifungua dirisha lake akaita, "Dada Swabaha, ndoo!" Swabaha akaenda jikoni, akatwaa ndoo ya maji, akateremka nayo hadi njiani. Khairiya alicheka mpaka akashika ukuta. Kimvita cha mamake, Swabaha alikisikia utotoni, lakini alikuwa amesahau kwamba huku mtu akikwambia *ndoo* anakuita uje. Kisa hicho kilisimuliwa katika arusi za Kibokoni kwa muda wa mwaka mzima, na Swabaha alizoea kuingia mahali akakuta watu wanatabasamu kabla hajasema neno.

Kwanza vile vyumba vilikuwa vya miezi michache tu, ili atazame mji. Lakini mwezi wa pili haujaisha Khairiya alikuja na sahani ya kaimati, akaketi, akaanza.

"Dada, wewe una kiinua mgongo chako, na kule una nyumba yako uliyoinunua kwa mkono wako. Iuze ile, ununue huku. Mpangaji ni mtu wa kuhamishwa. Leo wakaa, kesho mwenye nyumba aoza mwanawe, wewe wafunga virago."

"Sijaujua mji vizuri," alisema Swabaha.

"Mji huu utaujua ukiwa mwenyewe. Hapa hawakwambii kitu mpaka wajue hutoki."

Maneno hayo yalimwingia. Ni kweli kwamba watu walimwamkia kwa heshima, wakamwita Bi Swabaha wa Unguja, wakamkaribisha kahawa, kisha wakarudi kwenye mazungumzo yao kama pazia limeshushwa. Basi akakubali angalau kutazama.

Khairiya alimletea dalali, kijana mtanashati kwa jina Jaffar, mwenye kofia ya vito iliyodariziwa na viatu vya kelele. Jaffar alimpeleka Majengo kuona nyumba ya vyumba sita, ya udongo na chokaa, paa la makuti lililokuwa jipya. Bei ilikuwa nyepesi kiasi cha kumtia shaka. Jaffar alipiga ukuta kwa kiganja, akaufungua na kuufunga kila mlango.

"Na kiwanja?" aliuliza Swabaha.

"Kiwanja ni cha mwenyewe, Bi. Wewe wamlipia kila mwezi, kitu kidogo."

"Kwa hiyo ninanunua nini?"

"Wanunua nyumba. Kuta, paa, milango. Watu wengi wa Majengo wakaa hivyo, na babu zao walikaa hivyo."

"Na mwenye kiwanja akikitaka?"

Jaffar alivua kofia, akaipangusa, akaivaa tena. "Hapo, Bi, yategemea mwenye kiwanja."

Swabaha alimshukuru, akarudi mjini kwa miguu. Alimwambia Khairiya kwamba hilo aliloonyeshwa si kununua, ni kupanga kwa gharama mbili.

Haikuchukua muda Taib akasikia kuwa mpangaji wake anatafuta nyumba. Alikuwa mtu wa maneno machache, anayepima sentensi kama anavyopima misumari. Jioni moja alipanda ngazi, akapiga hodi, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango.

"Masalkheri, Bi Swabaha."

"Masalkheri, bwana Taib. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, alhamdulillahi. Nimesikia wataka nyumba. Hii ilikuwa ya mama, na mimi sina ndugu wa kugawana naye. Ardhi yake na mawe yake ni pamoja. Nikiuza, nitakuuzia wewe kabla ya mtu mwingine, na duka nitakulipia kodi mimi."

Bei aliyoitaja ilikuwa ya haki, na Swabaha alilijua hilo. Kiinua mgongo chake hakikutosha, lakini kikitiwa pamoja na thamani ya nyumba ya Malindi kingetosha na kubaki. Taib akampa mpaka baada ya Idi kufikiri. Akateremka.

Khairiya hakuelewa kilichokuwa kikifikiriwa. Nyumba ya mawe, katikati ya mtaa wa mamake, mwenyewe hana ndugu wala madeni: watu huomba Mungu miaka wapate hivyo. Kila alipouliza, Swabaha alisema, "Nangoja bei ya kule." Bei ya kule ilikuwa imekwisha kuja. Mfanyabiashara mmoja wa Unguja alikuwa tayari kuinunua nyumba ya Malindi siku yoyote.

Jambo alilolificha ni kwamba katika ghorofa ya chini ya nyumba ile alikuwa akikaa wifi yake, Mwanakuu, dada wa marehemu mumewe, pamoja na wajukuu wawili mayatima. Hakumlipa kodi wala Swabaha hakumdai. Mtu angedhani wawili hao walipendana. Hawakupendana. Miaka yote ya ndoa Mwanakuu alikuwa akisema, tena kwa sauti ya kusikika, kwamba kakake ameoa mwanamke wa kuwazalisha watu, mwenyewe hazai. Hata kwenye msiba wa mume walikaa pembe mbili za chumba kimoja. Swabaha hakuwa na wajibu wa kumlisha wala kumlaza, si kwa sheria wala kwa mapenzi. Ila akiuza, mnunuzi atataka nyumba tupu.

Katikati ya mwaka 1963 alipanda meli kwenda Unguja, akiwa ameazimia kuuza. Alimkuta Mwanakuu amepaka chokaa ngazi na chumba cha juu cha Swabaha, kilichokuwa kimefungwa tangu aondoke. Hakuulizwa amefuata nini. Alipewa chai na mkate wa kumimina, na wajukuu wakaja kumbusu mkono. Siku ya tatu, wakichambua mchele, Mwanakuu alisema bila ya kuinua macho:

"Ukiuza niambie mapema. Nipate kutafuta pa kuwapeleka hawa."

Swabaha alingoja aongeze kitu, alie au amtupie neno la zamani. Mwanakuu aliendelea kuchambua mchele.

Swabaha akakaa siku chache zaidi, akamwambia yule mfanyabiashara kwamba amebadili nia, akarudi Mombasa. Kwa Khairiya alisema bei ilikuwa ndogo. Kwa Taib alisema ataendelea kupanga, akipenda.

Taib hakuonyesha hasira. Alisema tu kwamba alikuwa amewarudisha wanunuzi wawili kwa ajili yake, na kwamba kodi itapanda kuanzia mwezi ujao. Swabaha akaona ni haki. Khairiya alinuna wiki mbili, akawa anafungua dirisha la upande wa pili.

Mwezi wa Disemba bendera zilibadilika. Unguja ikapata uhuru wake, siku mbili baadaye Kenya ikapata wake. Pwani ya Mombasa, iliyohesabiwa ya Sultani tangu wazee hawajazaliwa, ikawa Kenya moja kwa moja. Swabaha alitazama fataki kutoka dirishani. Karani mmoja alipomuuliza baadaye yeye ni raia wa wapi, alisita, akajibu, "Mimi mpangaji wa bwana Taib," na karani akadhani anafanya mzaha.

Mwezi mmoja baadaye, Januari, habari za mapinduzi ya Unguja zikafika Mombasa kwa redio, kisha kwa watu wenyewe, waliokuja na mafurushi na nyuso ambazo Swabaha alizijua tangu siku za wodini. Alikwenda kila siku alikosikia wamefikia watu wa Malindi, akauliza. Hakuna aliyekuwa na neno la hakika. Usingizi wake ukarudia vipande vyake.

Aprili, mchana, mtu alipiga hodi chini. Ni Mwanakuu, amejifunga kanga juu ya buibui, mjukuu huku na mjukuu huku, na sufuria moja. Alikuwa amepitia Pemba na Tanga. Swabaha alimtazama kutoka juu ya ngazi.

"Pandeni," alisema.

Hawakukumbatiana. Swabaha aliwasha jiko, akaweka maji, akawaogesha watoto mmoja mmoja. Baadaye akauliza kuhusu nyumba.

"Inakaliwa na watu wengine," alisema Mwanakuu.

Taib alipanda siku ya nne. Alikuwa amekuja kusema kwamba vyumba alivipangisha kwa mtu mmoja, na hilo alilisema, lakini alilisema akiwa amesimama mlangoni, macho yake yako kwa watoto waliolala sakafuni juu ya mkeka. Kisha akaketi.

"Sasa kule hakuna cha kukushika, Bi Swabaha," alisema. "Nyumba hii bado sijaiuza."

"Bwana Taib, kule hakuna cha kuuza pia. Nikikupa kiinua mgongo chote hakitatosha, na hata ungenipunguzia nikaipata nyumba, nitakosa unga. Nataka kile chumba cha nyuma, unachoweka vitu vya marehemu mama. Nitakilipia."

Vitu vile hakuna aliyekuwa amevigusa tangu kifo cha mwenyewe. Taib akasema atakuja na mwanawe Ijumaa wavitoe. Akataja kodi, Swabaha akaipunguza kidogo, wakakubaliana.

Khairiya ndiye aliyeumia zaidi, na si kwa sababu ya nyumba. Alikuja akawaona wageni, akawakaribisha kama mtu wa mji anavyokaribisha, kisha akamvuta Swabaha jikoni.

"Kumbe ndiye huyu aliyekuzuia kuuza. Kwa nini hukunambia?"

"Ungenambia niuze."

"Ningekwambia uuze, naam. Na leo ungalikuwa na nyumba yako hapa, huna mwenye nyumba wa kukupandia ngazi."

"Na yeye?"

Khairiya alishika ukingo wa meza. "Yeye mimi ningemjulia wapi, dada? Wewe ndiwe uliyemjua. Ukanifanya mimi kama jirani wa kuzungumza naye mvua tu."

Swabaha alikuwa amezoea miaka mingi kuzitunza siri za watu, hata za kwake akazitunza mahali pamoja na hizo. Alimwomba Khairiya radhi. Khairiya alilia kidogo, akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akauliza watoto wanakula nini.

Fedha za pensheni zilizokuwa zikitoka Unguja zilisita. Kwa hiyo mkunga mstaafu akarudi kazini. Khairiya alipeleka habari nyumba kwa nyumba, na kabla ya mwaka kwisha Swabaha alikuwa ameitwa Mkanyageni, Kuze, hata Majengo, mfuko wake mweusi mkononi. Watu wakaacha kumwambia kisa cha ndoo. Walikuwa na mambo mengine ya kumwambia, na mazungumzo hayakukatika alipoingia.

Mwanakuu alipika na kulea. Ulimi wake haukupona. Siku Swabaha aliporudi kutoka kuzalisha mapacha, amechoka hata viatu hajavua, Mwanakuu alimwambia kwamba chumvi imekwisha na kwamba mtu mwenye akili angeipitia Marikiti. Swabaha aliteremka akaenda kununua chumvi.

Mwaka 1967 Taib alikuja na habari: mwanawe anaoa, nyumba inahitajika. Alisema kwa unyonge, akawapa muda wa kutosha, akakataa kodi ya mwezi wa mwisho. Khairiya, ambaye alikuwa ameyasema hayo hayo tangu mwanzo, hakuyataja. Aliwatafutia vyumba vitatu Kuze, ghorofani tena, vya kupanga.

Walihama Jumamosi asubuhi. Hamali alipakia mkokoteni: vitanda vitatu, kabati, masanduku, majiko. Njia ni nyembamba, ikabidi wenye kupita wangoje, na wengi wao wakatoa mkono wakasukuma. Kufika, Mwanakuu alipanda wa kwanza, akazunguka vyumba vyote, akaweka sufuria zake katika kile chenye dirisha la njiani na upepo.

"Mimi ni mkubwa kwako kwa umri," alisema.

"Mimi ndiye ninayelipa," alisema Swabaha.

"Umri haulipiwi."

Swabaha aliuhamishia mfuko wake mweusi begani. Kisha akamwelekeza hamali apeleke kitanda chake chumba cha ndani.