Mkate wa Matofaa kwa Mama Mwenye Nyumba

Mama yangu alikuja Dar es Salaam mara moja tu maishani mwake, na alikaa siku chache kuliko alizokusudia. Aliyemfukuza ni mwenye nyumba wetu, ingawa hakumwambia aondoke. Alimrudishia sahani.

Miaka hiyo ya hamsini mimi na mke wangu tulipanga chumba Kariakoo, katika nyumba yenye ukumbi katikati na ua nyuma, ambako wapangaji wote tulipika. Nilikuwa karani wa mizigo bandarini. Nilikuwa nimesoma hadi sekondari kwa wamisheni huko kusini, na nilijiona mtu. Mwenye nyumba alikuwa mjane, mzaliwa wa mjini, mwenye ulimi mkali na kuku wanene aliowafuga pale pale uani.

Mama alikuja na meli ya Lindi akiwa na kikapu cha ming'oko, mizizi ya porini ambayo kwetu huandaliwa mgeni wa heshima. Aliichemsha kwa chumvi, akajaza sahani, akaifunika kawa na kumpelekea mwenye nyumba. Desturi ya ua wetu kila mtu aliijua: sahani ya jirani hupokelewa, na hairudi tupu. Hutiwa chochote, hata andazi moja.

Ile ilirudi na ming'oko yote kama ilivyokwenda.

"Mwambie mgeni wako," mjane alimwambia mke wangu mbele ya wanawake wote, "huku mjini mizizi tunachimba ya dawa. Na sisi hatujaugua."

Walicheka. Mama alikuwa chumbani, mlango wazi. Alitoka, akaichukua sahani, akaketi kizingitini na kula yeye mwenyewe, taratibu, mpaka akamaliza. Juma lililofuata alipanda meli, na hakuja tena mpaka akafa.

Ningeweza kuhama. Ningeweza kumjibu yule mjane matusi. Nilichagua kumlisha.

Bandarini yalikuwa yakishuka makasha ya matofaa ya Kizungu kutoka Afrika Kusini, na yaliyopasuka njiani tuliuziwa makarani kwa bei ya kutupa. Mtu wa kwetu aliyekuwa mpishi wa Mzungu kule Oysterbay alinifundisha mkate usiotaka hamira wala kusubiri uumuke: unga, sukari, siagi, mayai, unga wa kopo wa kuumulia keki, matofaa yaliyokatwakatwa na mdalasini wa kusaga. Mkate wangu wa kwanza ulikuwa uji katikati, kwa sababu ya maji ya matofaa. Nikajifunza kuyanyunyizia sukari na kuyakamua kwa kitambaa. Tanuri sikuwa nalo. Nilitia mchanga ndani ya sufuria kubwa, nikaweka ndogo ndani yake, moto kidogo chini, makaa mengi juu ya kifuniko.

"Jamani, karani kaacha kalamu kashika mwiko," alisema jirani mmoja.

"Mwacheni," mwingine akajibu. "Mkewe kapata mke mwenza."

Nilicheka nao. Mdalasini ulipoanza kunukia, wakasogea kuchungulia. Mayai nilikuwa nimeyanunua kwa mjane mwenyewe, makusudi kabisa.

Kila chumba kilipata kipande. Mjane nilimpelekea mkate mzima, kwa mkono wangu, juu ya sahani ile ile ya mama. Aliitambua. Niliona macho yake yakitua pale.

"Ahsante, mwanangu," alisema.

Hakuweza kuukataa. Ulikuwa mkate wa kizungu na ua mzima ulikuwa ukitazama. Na kwa kuwa alijigamba kwa umjini wake, hakuweza pia kurudisha andazi. Sahani ilirudi na pilau. Jumapili iliyofuata nikapeleka mkate mkubwa zaidi, ikarudi na kuku wa kupaka. Nikaendelea. Kila Jumapili kuku mmoja aliondoka uani, nami nikamla mpaka mifupa.

Mke wangu alikuwa wa kwanza kusema.

"Wale kuku anamfugia binti yake. Anakuja kujifungua hapa, mimba ya kwanza. Ni wa supu ya arobaini yake."

"Mimi simdai kuku. Napeleka mkate tu."

"Unajua unachokifanya."

"Najua."

"Basi niambie. Unampenda mama yako, au unamchukia huyu?"

Nilimwambia ni kitu kimoja. Niliamini hivyo, na Jumapili iliyofuata nikapika tena.

Ikafika siku mjane akaniambia hana mayai ya kuniuzia. Nikayanunua sokoni, na mkate wa siku hiyo niliuoka vizuri kuliko yote. Jioni alikuja mwenyewe mlangoni na sahani, imeoshwa, imefutwa, haina kitu.

"Bwana karani, leo sina."

Sitaficha: nilifurahi. Nilitamani mama angekuwepo amwone amesimama pale na mikono mitupu.

Binti alikuja mwezi ule ule, akajifungua mtoto wa kiume. Mzazi wa mara ya kwanza, nyumbani kwa mama aliyesifika kwa kuku, alikuwa akinywa uji wa pilipili manga na mchuzi wa dagaa. Maziwa yakawa haba. Ukuta wetu na wao ulikuwa mmoja, na kilio cha yule mtoto tulikisikia mimi na mke wangu.

Nikaenda sokoni, nikanunua kuku tembe mnono na kumpelekea mjane. Hakunyoosha mkono.

"Mkononi mwako sipokei, mwanangu. Nikipokea, nitakurudishia nini?"

Nilirudi na kuku kwapani, ua mzima ukinitazama. Mke wangu alinipokonya, akaenda kumwomba mwalimu wa madrasa amchinje, akapika supu, akaipeleka. Alikaa mle chumbani mpaka binti alipokunywa yote, kisha akarudi na bakuli lake mwenyewe, ili pasibaki chombo cha kurudishwa. Alifanya hivyo mpaka arobaini ikaisha. Maziwa yalipatikana.

Siku moja, kupitia ukutani, nilimsikia binti akiuliza: "Mama, huo mkate wa karani wanaousifu, mbona sisi hatupewi?"

"Tulishakula," mjane alijibu. "Tulikula mpaka kuku wakaisha. Lala."

Nilikuwa kitandani. Nilimhurumia binti, nikamhurumia mtoto. Mjane mwenyewe bado sikumhurumia. Huruma kwake ilinijia nikiwa mzee, yeye keshazikwa, na hakuna tena mlango wa kuipeleka.