Atomu Yatua Kibra

Juzi nilikuwa uani kwa mama mmoja wa Kinubi hapa Kibra, kikombe mkononi, alipoingia karani wa ofisi ya stima kumposa binti yake. Mama alikuwa akichochea moto chini ya pipa la chang'aa. Hakumwinulia hata jicho.

"Redio imesema Wazungu sasa wanapika stima kwa atomu," alisema. "Moto hauna moshi, unakula watu kimyakimya. Na wewe ni mtu wa stima. Binti yangu simpi mtu wa atomu."

"Mama, hiyo iko Ulaya. Mimi huandika barua tu."

"Barua za nani? Si za stima? Hebu nyoosha mikono."

Karani akanyoosha. Mama akaigeuza huku na huku kama anayekagua samaki sokoni, asione kitu.

"Ndiyo hatari yake," akatutangazia wateja. "Haionekani!"

"Mama, pipa lako linapiga mluzi," akasema karani.

"Pipa langu lina miaka ishirini! Usini..."

Bum! Kifuniko kikapaa na kipande cha paa la jiko. Wateja tuliruka ua. Mimi niliruka na kikombe. Karani peke yake alibaki, akamvuta mama kando na kuufukia moto kwa mchanga.

Mama akapangusa masizi usoni. "Unaona? Umekuja nayo hiyo atomu!" Kisha akamtazama tena, taratibu. "Lakini umejua kuizima. Haya, mlete baba yako Ijumaa."

Basi, wasomaji, atomu naiogopa sana, ingawa sijawahi kuiona. Pipa nimeliona likilipuka, na kesho narudi kunywa.