Msamaha Kwenye Nguzo ya Simu ya Kabuta

Niliondoka Nchelenge kwa sababu ya mdomo wangu. Mama mkwe alitutumia samaki wakavu, nami mbele ya wageni nikasema wana mchanga kuliko ufuko mzima wa Ziwa Mweru. Wageni walicheka. Mke wangu, Mwape, hakucheka. Kesho yake alimbeba mtoto akaenda kwa mama yake, kijijini Kabuta. Nilipompigia simu mama mkwe kuomba msamaha, alisema hataki msamaha wa mtu aliyeketi nyumbani. Nifike.

Saa moja asubuhi nilipanda nyuma ya baiskeli ya mchuuzi wa samaki. Kila penye mchanga aliniomba nishuke, maana mzigo wake wa kawaida, alisema, ni mwepesi. Kando ya barabara zilisimama nguzo za simu za zamani, hazina waya hata mmoja. Nilikuwa nimejirekodi kwenye simu nikiomba msamaha, nikajisikiliza njia nzima. Nilijipenda kweli.

Saa tano, Kabuta. Shemeji yangu Chanda alinikumbusha kwamba bado sijafanyiwa karamu ya kumwingiza mkwe, hivyo ni mwiko kuonana na mama yao uso kwa uso.

"Mulamu, shemeji yangu, utaongea naye mu telefone."

"Minatoka mbali yote hii juu ya kupiga telefone?"

"Ndiyo. Na netiweki iko ku ile nguzo tu. Yee pia atasimama palepale. Usimuangalie."

Nguzo yenyewe iko kwenye mwinuko. Mama mkwe alikuwa ameshasimama upande wa ziwa, akinipa mgongo. Nami nikampa wangu upande wa barabara. Nguzo ile ni nyembamba. Ingemficha mtu mwingine, si mimi.

"Allo, mama," nilisema.

"Mukwe, sema mu telefone. Miye siko hapa."

Kabla sijasema mengi, simu ikazimika. Betri nilikuwa nimeimaliza njiani, na maneno yangu mazuri yote yalibaki humo ndani. Nikaogopa sana kurudi peke yangu. Nikaibana simu iliyokufa sikioni.

"Mama, pardon. Ile samaki sikuonja hata moya. Nilitaka tu batu bacheke."

Naye akaibana yake sikioni, bila kugeuka.

"Nimesikia, mukwe. Leo netiweki iko muzuri."

Alasiri mimi na Mwape tulirudi Nchelenge kwa teksi, mtoto mapajani mwangu, mfuko mpya wa samaki wakavu miguuni. Mwape alinipa mmoja.

"Mama anasema onja kwanza, kisha ndiyo useme."

Nikaonja. Mchanga ulikuwemo kweli. Nikameza, nikaomba wa pili.