Rangi ya Sebule ya Muaither

Siku Mama aliponiambia nichague rangi, nilikuwa na ndoo ya maji mkononi. Niliiweka chini nisije nikaimwaga. Huyo Mama ni mjane niliyemtumikia Muaither, huko Qatar, mimi mtu wa Tanga, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Alitaka kuiuza nyumba yake akakae kwa bintiye. Wanunuzi watatu walikuwa wamekuja, wakatazama kuta za kijani za sebule, wakanywa gahawa, wakaenda zao.

"Hizi kuta unazifuta wewe kila Alhamisi," aliniambia kwa Kiarabu chetu cha jikoni. "Chagua wewe. Nyumba ikiuzwa, nakupa ruhusa urudi kwenu."

Mungu wangu, nilivyochangamka! Tangu nizaliwe sikuwahi kuchagua rangi ya kitu kikubwa kuliko kanga. Na hiyo ruhusa nilikuwa naitaka kwa udi na uvumba. Nilimwacha mtoto Tanga kwa mama yangu, na bila saini ya mwajiri mtu hatoki Qatar. Kila nilipoomba, Mama alisema mwakani.

Dereva wetu, Mkenya mmoja mwenye maneno mengi, alinipeleka duka la rangi Abu Hamour. Muuzaji akanifungulia kitabu cha rangi, nikapagawa. Nyeupe peke yake zilijaza kurasa nne! Dereva akaweka kidole kwenye mojawapo.

"Dada, chukua hii twende. Keja zote za hapa ziko hivi, na zinauzika."

"Wewe endesha gari," nikamwambia. "Mambo ya ndani niachie mimi."

Maana nilijua asichokijua yeye. Katika nyumba ile mapazia hayakufunguliwa, asubuhi wala jioni, majirani wasije wakaona wanawake ndani. Rangi iliyopendeza juani pale mlangoni mwa duka, kwetu ingeonekana chini ya taa tu. Nikanunua vikopo vitano vidogo vya kujaribia, nikapaka viraka vitano ukutani, mapazia yamefungwa na taa zote zinawaka. Nyeupe ya dereva ikawa na sura ya mgonjwa wa malaria. Nilicheka peke yangu. Ya waridi ilinikera tangu mwanzo, na ya bluu ilinitia baridi. Kila nikipita na fagio nasimama, nasogea, narudi nyuma, mpaka Mama akaniuliza kama sakafu itajifagia yenyewe.

Siku ya tatu nikakata shauri. Nilichagua ile ya gahawa, manjano hafifu ya kikombe kilichotiwa zafarani nyingi. Fundi alipomaliza kupaka mara ya pili, nikarudisha mazulia, nikawasha taa, nikapiga kigelegele mwenyewe. Sebule ilikuwa imepata uhai! Nilimpelekea dereva picha kwa simu, maana yeye mwisho wake mlango wa jikoni. Akajibu: "Wee! Hapo umeweza, dada." Jioni ile ile nilishusha sanduku langu kutoka juu ya kabati, nikaanza kukunja nguo.

Mnunuzi wa nne alikuja na mkewe baada ya Alasiri. Mume alibaki majlisi ya wanaume, mke akaingia kwetu. Akazunguka sebule, akapapasa ukuta, akampigia mumewe simu. Alipomaliza akageuka.

"Tunaichukua," akasema.

Nusura niangushe birika. Nikajiona tayari niko Tanga. Mama alikuwa kwenye kona yake, anautazama ukuta kama alivyoutazama wiki nzima. Akamwambia mgeni, taratibu kabisa: "Samahani, binti yangu. Siuzi tena."

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Rangi ya nyumba ya kuuza huchaguliwa kwa jicho la mnunuzi. Mimi, kwa kuzoea kujua sukari ya Mama, chumvi yake na upande anaolalia, nilichagua kwa jicho lake, naye akaipenda nyumba upya. Hasira zilinipanda, juu yake na juu yangu mwenyewe. Yule mwanamke alipotoka, niliweka birika mezani kwa kishindo.

"Mama, na mwanangu je?"

"Mwanao yuko kwa bibi yake. Mtoto wa miaka miwili anajua nini?"

"Alikuwa na miwili nilipokuja. Sasa ana tisa."

Mama alinitazama, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole, midomo ikimcheza. Alipofika kidole cha saba alikishikilia. Halafu akaniomba nimletee kalamu, aandike ruhusa yangu.