Habari Mbaya Niliyompelekea Profesa Parsaloi

Nakumbuka Jumamosi moja ya kiangazi, mwanangu, nikiwa bado mwanafunzi, nilipotoka kwetu Kitengela kwenda Kajiado na habari ambayo sikutaka kuifikisha. Kitengela haikuwa hii unayoiona ya maghorofa. Pundamilia walikatiza barabara watakavyo, na baba yangu, aliyehamia hapa kutoka Murang'a, alikuwa akiwafukuza kwenye mahindi yake kwa kugonga debe.

Nilikuwa nikienda kwa mwalimu wangu wa chuo kikuu, Profesa Parsaloi. Maisha yake ya kazi yote aliyatumia kuchunguza protini za mwili. Alitufundisha kwamba protini haitulii. Hujikunja, hujikunjua, hutikisika, na ikikunjika vibaya hushikana na nyingine zikawa madonge. Yakijaa ubongoni, mtu huanza kutetemeka mikono na mwili kukakamaa.

Profesa alikuwa amepata kemikali iliyoonekana kuyazuia madonge hayo. Tulitumia rangi inayong'aa protini zikishikana, na kila alipotia kemikali yake, mwanga ulififia. Wanasayansi wa ng'ambo walimwandikia kumpongeza. Na nyumbani kwake, mkewe, Mama Semeyian, aliugua ugonjwa huohuo.

Mimi nilipewa kazi ya kurudia jaribio. Nilipotazama kwa hadubini kali, niliyakuta madonge yote yapo. Kemikali ilikuwa ikizima mwanga wa rangi tu, madonge haikuyagusa. Nilirudia nikiomba niwe nimekosea, lakini majibu yakawa yaleyale. Mwenzangu wa maabara akanishauri ninyamaze kwanza nipate shahada, maana Profesa ndiye angeipitisha. Sikumlaumu. Hata mimi nilikuwa nimeshawaza hivyo.

Mama Semeyian alinipokea mlangoni. “Takwenya,” akanisalimu kwa Kimaasai, nami nikamwitikia “Iko” kama alivyonifundisha. Akasisitiza kunimiminia chai mwenyewe. Mkono ulitetemeka, nusu ya chai ikaishia kwenye sahani, na Profesa akamtazama tu, kwa sababu mama hakupenda kusaidiwa kabla hajaomba.

Nilimwomba Profesa tuzungumze nje. Mama akaweka thamosi chini.

“Kaa hapa,” akaniambia. “Kama ni mambo ya hiyo dawa, mimi ndiye niko na huo ugonjwa. Nataka kusikia.”

Basi nikasema, macho yangu yakiwa kwenye kikombe. Profesa aliniuliza kuhusu hadubini, kuhusu chumvi niliyotumia, kuhusu joto la maji. Nilijibu kila swali. Mwishowe maswali yakamwishia, akavua miwani na kuyafuta macho yake bila kujificha.

“Nilitaka sana iwe kweli,” akasema. “Nilitaka mpaka nikaacha kuangalia vizuri. Asante kwa kuangalia badala yangu.”

Nikamgeukia mama kumwomba msamaha, ingawa sikujua wa nini. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

“Mimi niliolewa na mtu anayetafuta, nakerai, mtoto wangu,” akasema. “Hakuna siku aliniahidi kwamba atapata. Kunywa chai.”

Jumatatu Profesa alituita maabara yote akaeleza kosa lake mwenyewe, akataja kwamba mimi ndiye niliyeligundua. Matokeo aliyokuwa amechapisha aliyaondoa. Wafadhili walimkimbia, na wako waliomcheka. Yeye akarudi kwenye swali la nyuma zaidi: protini hutikisika vipi kabla ya kuharibika? Mama Semeyian alifariki kabla ya jibu. Tulimzika Kajiado, na wiki iliyofuata Profesa alikuwa kwenye meza yake. Miaka mingi baadaye tulifaulu kuonyesha sehemu ya protini inayofunguka kwanza, na leo watu wa mbali hutengeneza dawa wakiilenga sehemu hiyo. Tiba kamili haijapatikana. Lakini wanaanzia mahali pa kweli.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiona mkubwa wako amekosea, usimwaibishe mbele za watu, na usimfiche pia. Hakikisha kwanza, kisha mwendee mwenyewe, umwambie kwa heshima hata kama sauti inatetemeka. Kumnyamazia si kumpenda. Na zamu yako ya kuambiwa ikifika, maana itafika, uliza maswali, lia ukitaka kulia, halafu umshukuru aliyekuambia. Wagonjwa wanaotungoja hawahitaji sifa zetu. Wanahitaji tusiwadanganye, na kesho yake turudi kazini.

Enkai, Mungu kama Mama Semeyian alivyomwita, akupe macho ya kuona kilichopo hata pale moyo unapotaka kingine. Akupe watu wa kukuambia ukweli wakikushika mkono, na miaka ya kutosha kuyaona matunda ya kazi yako.